Jibu lililobadilika si lazima liwe uongo

Mwandishi wa makala kuhusu madodoso ya unywaji pombe kwa wanafunzi anadai kuwa mwanafunzi aliyekiri akiwa kidato cha kwanza kwamba amewahi kunywa pombe, kisha akakana akiwa kidato cha tatu, ni mwongo na dodoso lake litupwe. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, na sikubaliani naye. Uchagani mtoto huonjeshwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na babu yake kwenye sherehe ya kipaimara. Akiwa na miaka 13 hilo ni jambo kubwa analoliandika bila kusita, lakini akifikisha 16, akiwa ameshawaona wenzake wakilewa bia, yale mafunda mawili ya kwenye kata hayahesabu tena kuwa ni kunywa. Wapo pia wanaoficha kwa makusudi, na sishangai, kwa maana nimeshuhudia dodoso linaloitwa la siri likijazwa huku mwalimu wa nidhamu akipita katikati ya madawati. Tukiyatupa majibu hayo tutawapoteza hasa wale walioonja kidogo, tubaki na wanywaji sugu na wasiogusa kabisa, na picha itazidi kupotoka. Wazazi na walimu wenzangu wa Arusha na Rombo, huko kwenu madodoso haya hujazwa mbele ya nani?