Hapo kwenye kalsiamu ya damu umepita mbio
Mwandishi, kwenye makala yako ya kalsiamu umeeleza vizuri maziwa na dagaa kwa ajili ya mifupa ila kalsiamu ya kwenye damu umeiruka. Mamdogo wangu alifanyiwa oparesheni ya goita (uvimbe wa tezi ya shingo), kesho yake midomo ikaanza kufa ganzi, vidole vikakakamaa mkono ukajikunja kama mtu anachota chumvi, sisi tukadhani presha kumbe kalsiamu imeshuka. Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vingine vidogo, kwa kawaida 4, kila kimoja kama punje ya mchele, ndo vinatoa homoni ya PTH inayotoa kalsiamu kwenye mifupa kuipeleka kwenye damu, inazuia figo zisiimwage yote kwenye mkojo na inaamsha vitamini D ili utumbo unyonye zaidi. Vikiumia kwenye oparesheni, kalsiamu ya damu inashuka, ndo hayo yaliyompata mamdogo. Jamani mwenye mgonjwa wa goita aliyetoka kupasuliwa, akilalamika ganzi mdomoni mwite nesi hapohapo, usingoje asubuhi.