Anwani Ilikuwa Sahihi, Barua Ilikuwa ya Uongo

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, kijana kutoka Arua hapa Uganda, alinijia ofisini na simu mkononi akaniuliza, "Mwalimu, hii ni ya kweli?" Barua pepe ile ilionekana kutoka kwa mhasibu wa chuo, na anwani yake ilikuwa sahihi mpaka herufi za mwisho, ac.ug, zinazotumiwa na vyuo vya Uganda; ilimtaka atume salio la karo kwa namba fulani ya simu kabla ya saa kumi jioni, la sivyo angeondolewa katika orodha ya watahiniwa. Alikuwa ameshatuma nusu.

Siku mbili baadaye chuo kilitoa tangazo la kuwaonya wanafunzi wawe waangalifu. Sikulipenda, kwa sababu kijana yule aliitazama anwani kama tunavyowafundisha, na anwani hiyohiyo ndiyo iliyomponza.

SMTP, utaratibu unaosafirisha barua pepe hadi leo, uliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati mtandao ulipokuwa wa watafiti wachache waliojuana. Wenyewe hauulizi kama anayejiita mhasibu ni mhasibu kweli. Ulinzi ulikuja baadaye: SPF huorodhesha seva (kompyuta za kutuma na kupokea barua) zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la chuo, DKIM hutia sahihi ya kidijitali kwenye barua, na DMARC huiambia seva inayopokea ifanye nini na barua iliyoshindwa majaribio hayo. Kuziandika kanuni hizi hakuhitaji kununua mtambo wowote. Lakini DMARC ikiwekwa katika hali ya kutazama tu, huwa kama askari wa getini anayeandika jina la mwizi daftarini kisha akamfungulia lango.

Mafundi huogopa kwamba wakikaza DMARC izuie barua, barua halali za idara zinazotumia huduma za nje zitapotea. Hofu hiyo ina msingi, ila tiba yake ni kusoma ripoti za DMARC kuhusu nani anatuma kwa jina la chuo, kwa miezi michache, na kusajili kila mtumaji halali, na pia kudai uthibitishaji wa hatua mbili, maana akaunti iliyoibwa hupita vizuizi vyote hivyo.

Sisi wahadhiri nasi (najihesabu) tunatuma alama kwa anwani zetu binafsi, ingawa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Mwanafunzi aliyezoea hivyo atamshuku nani? Lile tangazo la tahadhari lenyewe lilinifikia kutoka anwani ya Gmail.