Vidole vinavyotafuta herufi

Wiki iliyopita, kwenye duka moja la steshenari Ngamiani, hapa Tanga, mama mmoja alikuwa akimtajia kijana wa dukani barua ya kuomba kupimiwa kiwanja. Kijana alichapa kwa vidole viwili. Kila akifika kwenye herufi p, kidole kilibaki hewani, macho yakiisaka. "Nilikuwa nasema nini, mwanangu?" mama akauliza. Kijana naye hakumbuki. Mama alikuwa ameeleza mpaka na jirani unapitia mnazi upi. Barua ilipotoka, mnazi haumo.

Wengi husema kasi ya kuchapa si kitu, kwamba kinachomchelewesha mwandishi ni akili. Wana hoja. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, lililochapishwa 2016, wanafunzi walipochapa insha kwa mkono mmoja tu, msamiati wao uliongezeka uzito. Ukienda pole, neno la pili, lililo bora, hupata muda wa kufika.

Ila wanafunzi wale walikuwa wameizoea kibodi. Mkono ulichelewa, fikra ikabaki kwenye hoja. Kijana wa Ngamiani anachelewa kwa kutafuta, na kutafuta kunakula kumbukumbu ile ile inayotakiwa kuishika sentensi mpaka ifike mwisho. Huo ni uchelewaji wa namna nyingine kabisa.

Nasi Waswahili uchelewaji huo hutuumiza zaidi. Kasi hupimwa kwa maneno kwa dakika, na "neno" la kipimo hicho ni mibofyo 5. Utafiti mkubwa wa 2018, uliopima watu zaidi ya 168,000, ulipata wastani wa maneno 52, yaani mibofyo kama 260. Sasa chukua "nitakapokuandikia": herufi 17, na nafasi inayolifuata, mibofyo 18! Kwa maneno marefu hivyo, mchapaji huyo wa wastani hafikishi hata 15 kwa dakika. Na ndani ya neno hilo moja mmekaa mtendaji, wakati na mtendewa. Ukikwama kwenye "-po-", unaweza kusahau unamwandikia nani.

Ninapoyasema haya hutajiwa Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga mwaka 1909, aliyetuachia hazina yote ile bila kompyuta. Kweli. Lakini alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi. Mkono wa karani hauulizi herufi m inaandikwaje.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa kompyuta: kabla ya kumfundisha mtoto kupamba maandishi kwa rangi, mfunikeni mikono kwa kitambaa achape mpaka vidole vijue njia. Mimi nilijifunza hivyo ukubwani. Bado nasimama ninapoandika, tena mara nyingi, ila sasa nasimama sentensi ikiwa imekwisha, nikijiuliza kama nilichosema ni kweli.