Papa, Weye ni wa Wapi?

Jua la mwezi wa kumi hapa Lubumbashi, Kongo, halina heshima kwa mtu aliyevaa koti. Wenzangu waliokuja na singleti walihudumiwa mapema wakaenda zao. Mimi na koti langu tulibaki kwenye mstari wa kujiandikisha chuo kikuu, tukichemka kwa adabu.

Mambo ya minerval, yaani karo, siyataji, kila nyumba ina kidonda chake. Ya bisi, yaani usafiri, pia tuyaache. Ila hili la LMD, mfumo mpya wa digrii, lazima niliseme. Sisi tulisoma miaka mitatu, tukapewa gradua, cheti kilicho chini ya lisansi. Ikaja LMD mwaka 2021, wadogo zetu wakasoma miaka mitatu ileile, katika oditwari ileile ambayo usipowahi unasikiliza somo dirishani, wao wakatoka na lisansi, digrii kamili! Mdogo wangu wa mwisho, niliyemfundisha mwenyewe kusoma saa, leo ni lisansiye. Siku hizi ananiamkia kwa upole sana, na upole huo ndio unaoniuma.

Basi nimerudi kujiandikisha, idara ya jiografia, mimi ambaye mchana nasimama ubaoni kuwafundisha watoto wa watu majimbo yote 26 ya nchi na miji yake mikuu.

Binti wa dirishani akapokea karatasi zangu, akazitandaza kama karata.

“Papa, huku kwa cheti cha kuzaliwa wameandika Shaba.”

“Ndiyo, mama. Nilizaliwa Kamina, 1995. Wakati ule ilikuwa Shaba.”

“Huku kwa diploma ya Leta, ile ya serikali ya kumaliza sekondari, iko Katanga.”

“Niliipata 2014.”

“Na huku kwa karte ya kura iko Haut-Lomami.”

“Tangu 2015 ndivyo ilivyo.”

Akaniangalia vizuri, toka kichwani hadi kwenye koti. “Sasa Papa, sababu gani unahamahama hivi?”

Nikakohoa kidogo, kohozi la kiualimu. Nikamweleza taratibu kwamba sijahama. Kamina iko palepale, reli iko palepale, mwembe wa baba uko palepale. Kilichohama ni jina. Rais Mobutu alitaka Shaba, tukawa Shaba. 1997 akaondoka, tukarudi Katanga. 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne, Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami, na Kamina ndiyo mji mkuu wa hicho cha mwisho. Nilieleza vizuri, jamani. Hata darasani sijawahi kueleza hivyo. Nyuma yangu sauti ikasema, “Mwalimu, fanya mbio, tunaungua!”

“Nimesikia, Papa,” akasema binti. “Lakini orodha yangu iko na majimbo 11 tu.”

Kumi na moja, yale ya kabla ya 2015! Nikainua macho: ukutani nyuma yake kuna ramani ya nchi, na juu yake imeandikwa Zaïre, jina la nchi la enzi za Mobutu, kwa herufi ambazo kipofu angezisoma.

“Mama,” nikasema, nikishika koti lisinivuke, “hapa si idara ya jiografia?”

“Hapa ni dirisha, Papa. Jiografia ni kule nyuma.”

Mimi nifanye nini na jibu kama hilo? Nikamwambia basi aandike Katanga, yaishe. Akakataa, kwa sababu karte inasema vingine. Aandike Haut-Lomami basi. Haimo kwenye orodha. Aandike Shaba! Hapo akanicheka waziwazi: “Papa, Shaba ni ya zamani.” Hukumu ya mwisho ikawa nilete karatasi yenye muhuri inayothibitisha kwamba Shaba, Katanga na Haut-Lomami ni mtu mmoja. Muhuri wa wapi? Wa Kamina. Kwa treni ipi? Ile inayoondoka leo na kufika ikipenda? Nikapiga kelele, nakiri, hapana haja ya kuficha, hata koti nikalivua.

Nikaenda kutoa nakala za karatasi, umeme umekatika. Bila shaka.

Nikaona heri nile. Mama mmoja nyuma ya geti anauza bukari, yaani ugali, na kapenta, vidagaa vya ziwani. Kapenta wenyewe wamekuwa wadogo siku hizi mpaka unakula kwa kuamini tu. Nikamuuliza wanatoka wapi. “Kalemie, Papa, ziwa letu!” Nikamwambia hapana, mama, hawa wamepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Babu zao ndio walitoka Tanganyika, lakini miaka ya 1960 watu waliwachukua wakaenda kuwamwaga ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, wakazaana huko, na wa huko hawafiki urefu wa ndugu zao wa huku, ukitazama mkia utaona…

“Papa, unakula ao unafundisha?”

Nikala. Pilipili akanihesabia pembeni.