Harakati haina kiongozi, sasa kitufe cha kufuta anacho nani?

Usiku wa tarehe 24 Juni 2024, kesho yake ndiyo ile Jumanne ya harakati ya vijana wa Kenya kupinga Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, watu walifika mpaka ndani ya bunge, grupu letu la WhatsApp lilikuwa linawaka, simu inatetemeka mezani mpaka unaiweka chini ya mto. Tulikuwa maadmini watatu, mimi mmoja wao. Saa nne na kitu hivi jamaa mmoja akaweka mahali anapoishi mbunge fulani, mtaa, rangi ya geti na duka lililo mkabala, chini akaandika kesho tukitoka town tunapitia hapo. Nikaifuta. Hata dakika haikuisha nikaulizwa mbele ya watu wote, wewe umelipwa ngapi?

Sasa kumbuka namba za simu za wabunge zilikuwa zimezunguka siku nyingi, watu wanawapigia na kuwatumia meseji, ndiyo ile tuliita kuwasalimia, na hizo tuliziacha bila neno. Kwangu tofauti ilikuwa wazi, mheshimiwa ukimpigia simu kumwambia kataa Mswada wa Fedha ni haki yako, wewe ndiye uliyempigia kura, lakini kwenye nyumba kuna watoto, kuna dada wa kazi, kuna soja wa getini ambaye hajapitisha ushuru wowote. Yule jamaa naye alikuwa na hoja yake na sitaki kuipita mbio. Aliandika: watu wa serikali wanajua kwetu, wanakuja usiku na magari hayana namba, wanabeba watu, kwa nini adabu iwe yetu peke yetu? Sikuwa na jibu zuri usiku ule. Bado naamini nilifanya sawa kufuta, ila lile swali lililofuata, la nani alinipa hiyo nguvu, limenikaa mpaka leo.

Manake tulikuwa tunaimba hatuna kiongozi, hatuna chama, hatuna kabila. Na ilikuwa kinga ya kweli, hakuna kichwa cha kununua wala cha kukamata. Lakini grupu la watu zaidi ya mia nane lazima mtu alifungue, na aliyelifungua tayari ameshika kitu ambacho wengine hawana. Anaamua neno gani litaonekana na nani atabaki ndani, na hakuna mtu alimpigia kura. Huyo ni kiongozi hata mkimwita admini.

Wanaosema acheni watu waongee wana ushahidi mzito, na ushahidi wenyewe ni ule mwezi wa Juni. Ule mswada ulieleweka kwa sababu hakuna aliyeomba ruhusa ya kuueleza. Mtu alikaa chumbani kwake akarekodi vidio kwamba mkate unataka kuwekewa VAT ya asilimia 16, mwingine akachukua ile asilimia 25 ya ushuru wa mafuta ya kupikia akapiga hesabu ya mama wa chapati, mwingine akaieleza ile kodi ya asilimia 2.5 ya kila mwaka kwenye gari kwa lugha ya mama yake ili nyanya kijijini asikie. Wengine walikosea vitu vidogo vidogo, wakarekebishwa kwenye komenti, maneno yakasonga. Ungekuwa na admini anayesema leta uthibitisho kwanza, nusu ya hizo vidio zingelala kwenye simu za wenyewe. Na kuna hili pia, sheria yetu ya makosa ya mtandao ya 2018, kifungu cha 23, wakati ule wa 2024 ilisema ukichapisha habari za uongo unaweza kupigwa faini ya mpaka shilingi milioni 5 au jela mpaka miaka 10, au vyote viwili. Serikali tayari ilikuwa na rungu lake. Tukianza sisi wenyewe kuogopana kila sentensi, tunaifanyia kazi bure.

Lakini wanaosema chujeni hawaongei tu kwa woga. Chukua kitu kidogo kama namba ya simu. Kwenye grupu kila mtu anaiona namba yako, na mtu akiichukua akaingia M-Pesa akajifanya anakutumia hata bob kumi, jina lako linatokea kwenye skrini, anakansel, kwisha, ameshajua wewe ni nani. Sasa weka posti moja ya hasira karibu na hiyo namba. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang, aliyekuwa pia mwanablogu, alichukuliwa kwao Homa Bay kwa sababu ya posti iliyomhusu afisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi kituo cha Central. Posti tu. Baada ya hapo mtu akiniambia niache kila kitu kikae wazi eti ndiyo uhuru, namsikiliza lakini moyo unakataa. Na sisi tuliokuwa na akili 2007 na 2008 tunazijua zile meseji za chuki zilizokuwa zinapita simu kwa simu, kabila fulani wanakuja, jipangeni, na watu zaidi ya elfu moja wakafa. Meseji ya namna hiyo siiachi hata dakika moja, na hapo sitaki mjadala.

Kigumu kabisa ni kile ambacho hujui kama ni kweli. Usiku wa tarehe 25 risasi zililia Githurai, pembeni mwa Nairobi, na idadi ya waliokufa ikaanza kuingia kwenye simu, huyu anasema wawili, huyu ishirini, mwingine juu ya hapo, na vidio za giza ambazo unasikia milio tu. Nifute? Nikifuta nanyamazisha mtu ambaye pengine amelala chini ya kitanda saa hizo na sisi ndio watu pekee wanaomsikia. Nikiacha, mama mwenye kijana aliyeenda maandamano anaisoma ile ishirini na anaweza kuzirai. Tulichofanya, na hili ndilo wazo bora tulilowahi kupata, likatoka kwa mwanachama wa kawaida wala si kwetu maadmini, ni kumuuliza kila anayeposti kitu kimoja tu: uko hapo au umeambiwa? Aliyesema niko hapo tulimwacha, tukamwambia zima taa na usitaje mtaa. Aliyesema nimeambiwa tulimwomba aandike mbele ya meseji neno NIMEAMBIWA kwa herufi kubwa. Hatukufuta chochote, na kelele zikapungua kwa karibu nusu saa, watu wakaanza kusomana.

Kilichotuvunja hakikuwa hayo yote, kilikuja Julai. Tulichanga pesa za bondi, za kuwatoa waliokamatwa, na za hospitali, zikaenda kwenye simu ya mmoja wetu. Dada mmoja, mtulivu, haongei sana, akauliza saa tatu usiku: jamani naweza kuona hesabu? Asubuhi pale pameandikwa tu ujumbe umefutwa na admini, na yeye mwenyewe hayuko tena. Mwenzetu aliyemtoa alisema swali kama lile linagawanya watu wakati adui yuko nje. Nafikiri aliamini alichosema. Lakini linganisha na pale bustani ya Jeevanjee, Nairobi, ambapo Bunge la Mwananchi, kikao cha raia wa kawaida wa kujadili siasa, limekuwa likikaa kwenye benchi tangu miaka ya 90, na mtu akinyamazishwa pale wote mnaona, ananyanyuka, analalamika, kuna mzee atasema mwacheni amalize. Kwenye simu mtu anatoweka saa tisa usiku na watu mia nane wanaamka wakaanza kujadili kitu kingine.

Kwa hiyo mimi naona tunabishana juu ya kufuta wakati ugonjwa ni kufuta kimya kimya, tena na mtu mmoja. Na mizani lazima ielemee upande fulani, haiwezi kukaa katikati: kwa kinachomweka mtu kwenye hatari, jina, sura, nyumba, chuki ya kabila, mkono uwe mzito. Kwa kinachotukera sisi tuliotangulia, mkono usiguse kabisa. Siku hizi ukitaka kumtoa mtu lazima maadmini wawili wakubaliane na sababu iandikwe palepale asubuhi, isipokuwa ikiwa ni nyumba ya mtu au kabila, hiyo unafuta kwanza unaeleza baadaye. Ni taabu, inachelewesha, na kuna siku mbili tatu mtu wa vurugu alitusumbua mpaka mchana.

Yule dada tulimwomba arudi. Akasema atarudi siku hesabu itakapowekwa. Iliwekwa Septemba, karatasi mbili za kitabu cha mazoezi zilizopigwa picha juu ya meza. Akaongezwa jioni ile, na saa hiyo hiyo akauliza mstari wa nauli mbona hauna tarehe.