Uso wake au kazi yake?

Kila tarehe 11 Februari, siku ya Umoja wa Mataifa ya wanawake na wasichana katika sayansi, simu za Mombasa hujaa picha ileile: msichana kavaa koti jeupe lililopigwa pasi, miwani ya maabara juu ya ushungi, kainua kichupa cha maji ya buluu. Chini yake komenti: "Mashallah." "Binti wa nani huyu?" "Ameolewa?" Anachochunguza hakiulizwi.

Ndiyo maana siwalaumu wanasayansi wanaokataa kupigwa picha hizo. Huambiwa wanaringa, au wanawanyima wadogo zao mfano wa kuigwa. Lawama hiyo ina msingi. Donna Strickland wa Kanada alipotangazwa mshindi wa Nobel ya fizikia, Oktoba 2018, hakuwa na ukurasa Wikipedia. Rasimu iliyopelekwa mwaka uo huo ilikataliwa kwa hoja kwamba vyanzo havikutosha. Naye alikuwa mwanamke wa tatu tu kuipata, baada ya Marie Curie 1903 na Maria Goeppert Mayer 1963. Mtoto wa Kisauni atamtafutaje mtu ambaye hata hajui kama yupo? Hapo sina ubishi.

Lakini tazama yaliyomkuta Katie Bouman, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani. Aprili 2019, timu yake ilipotoa picha ya kwanza ya shimo jeusi (black hole), lile la angani ambalo hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake, picha yake mwenyewe mbele ya kompyuta, kajawa na furaha, ilizunguka dunia. Wakaja watu na hesabu zao: mwenzake Andrew Chael kaandika mistari 850,000 ya programu ya kuundia picha hiyo, basi dada huyu kapewa sifa za bure. Hesabu hiyo hunikera hadi leo. Chael mwenyewe alijitokeza akaikana: programu ilikuwa na mistari 68,000 hivi, mingi ya ile iliyohesabiwa ilikuwa mafaili ya modeli tu, si programu yenyewe, na wala hakujali ni mingapi aliyoiandika yeye. Tena hata ingekuwa kweli, tangu lini sayansi ikapimwa kwa mistari? Anayefuta elfu moja isiyo na kazi huenda kafanya makubwa kuliko aliyeiandika. Bouman hakudai kuwa kazi ni yake peke yake. Alisema wazi ni ya timu, na timu ilikuwa na watu zaidi ya 200. Waliomfanya shujaa wa pekee ni mashabiki, kipigo kikamwangukia yeye.

Kwenye gemu za mtandaoni ni yaleyale. Msichana anayezima maikrofoni na kujipa jina la kiume huitwa mwoga, ilhali anataka kucheza tu.

Wafadhili wanataka sura, najua. Basi waende na watafiti wa mikoko maji yakipwa: buti za mpira, tope hadi magotini, futi ya kupimia ikizungushwa kwenye shina, vipimo vikiandikwa kwa penseli kwa sababu wino huyeyuka, na wote wana haraka kabla maji hayajajaa. Hapo msichana apendaye hesabu ataiona kazi yenyewe.

Februari ijayo, wenye kurasa za mitandaoni zinazosambaza picha hizo wamwombe mtafiti picha ya daftari lake la vipimo na maneno machache kuhusu anachopima na kwa nini. Jina lake liandikwe kamili. Uso wauweke akitaka mwenyewe.