Familia nayo ifundishwe

Nimesoma habari inayoeleza matibabu ya skizofrenia, maradhi ya akili yanayoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, kana kwamba ni vidonge na sindano peke yake. Dawa ndizo msingi, na mtu asiziache bila ya kushauriana na daktari. Hata hivyo, mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2014 unataka mgonjwa apatiwe pia tiba ya mazungumzo ya vikao visivyopungua 16, na familia yake visivyopungua 10. Mazungumzo hayo, yanayomsaidia mgonjwa kuzichunguza sauti anazozisikia na hofu zinazomwandama, utafiti umeyaonesha kuwa na manufaa madogo hadi ya wastani, kwa hiyo yasitangazwe kuwa ni muujiza. Kuielimisha familia kuna ushahidi wa nguvu zaidi, kwani hupunguza maradhi kurejea, na hilo linatuhusu sana sisi Wapemba, ambao katika nyumba zetu zenye jamaa wengi mgonjwa hukaripiwa kutwa kuwa ni mvivu, ilhali ule uzito wake wa kufanya mambo ni sehemu ya maradhi. Mdogo wangu hapa Wete, akiwa anaendelea na dawa zake, alitulia zaidi tulipoacha kumkemea. Naomba wauguzi wa afya ya akili, Unguja na Pemba, wapewe muda wa kukaa na jamaa za wagonjwa.